Njiru Hakuwahi Kushinda Safari Rally. Basi Mbona Bado Tunamtaja?

Leo naanza na swali, na ujibu kabla hujaendelea kusoma. Patrick Njiru alishinda Safari Rally mara ngapi?

Nimeuliza wasee wa nduthi hapa Matungu, nikauliza wa Mayoni, nikauliza hata mafundi wa magari. Mmoja akasema mara tatu. Mwingine mara tano. Mwingine akaniangalia kama mtu mjinga akasema, "Si alikuwa anashinda kila mwaka?"

Jibu ni sufuri. Hakushinda hata moja.

Na bado, ukipita hapa na nduthi ikilia, mama anayeuza mboga kando ya barabara atakupigia kelele: "Wewe Njiru! Punguza!" Watoto waliozaliwa miaka mingi baada ya yeye kustaafu wanajua hilo jina. Hawajui sura yake, hawajui gari aliloendesha, lakini wanajua kuwa Njiru maana yake ni mtu anayekimbiza gari. Ni wangapi wamestaafu mchezo wowote Kenya hii na jina lao likageuka neno la kawaida mtaani?

Mimi nasema tumelishika jina lakini stori yenyewe imetutoka. Na hiyo stori, tukiielewa vibaya, inaua watu.

Tuanze na walioshinda, ndio tuwe sawa. Safari Rally ilianza 1953, wakati Malkia Elizabeth wa Uingereza alikuwa anatawazwa, na ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Tangu hapo Wakenya wameishinda mara kadhaa. Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, aliichukua 1965 akiwa na ndugu yake Jaswant ndani ya Volvo ambayo ilikuwa imeshatumika na wengine. Yaani gari la mkono wa pili. Akarudi akashinda 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Watu walimwita Simba wa Kenya. Halafu kuna Shekhar Mehta, aliyezaliwa Uganda na kufanya jina lake hapa kwetu. Yeye alishinda 1973, halafu akapiga nne mfululizo kutoka 1979 hadi 1982. Mara tano! Rekodi hiyo bado imesimama. Mwaka wa 1994 Ian Duncan, Mkenya, akashinda na Toyota Celica.

Mwaka huohuo wa 1994, unajua nani alimaliza wa nne? Patrick Njiru, akiwa na Subaru Impreza.

Sasa nenda stejini umwambie mtu, "Unaendesha kama Mehta." Atakuuliza Mehta ni nani. Mwambie, "Unaendesha kama Duncan." Atafikiri ni jamaa wa duka la simu. Mwambie, "Unaendesha kama Njiru," na atacheka, atajua umemsifu ama umemtukana, kulingana na vile umesema.

Kuna jibu rahisi ambalo wengi hutoa: ni kwa sababu Njiru ni Mwafrika mweusi katika mchezo uliokuwa wa Wazungu na Wahindi wenye pesa. Sitabisha, hiyo ni sehemu kubwa ya hadithi. Gari la mbio ni bei, vipuri ni bei, mafundi ni bei, na kijana wa kijijini hakuwa anaona mtu wa kwao pale ndani. Alipoonekana mtu anayeitwa Njiru ameshika usukani wa gari la Subaru, akishindana na majina makubwa ya Ulaya na Japani, nchi nzima ilisimama naye. Watoto wakisukuma taya kuukuu kwa fimbo, ama wakiendesha gari la waya, kila mmoja alitaka kuwa Njiru, na ugomvi ulianzia hapo hapo, kwa sababu Njiru ni mmoja.

Lakini hilo peke yake halitoshi. Kabla yake walikuwepo Waafrika weusi katika Safari, kama Peter Shiyukah, na leo ukitaja hilo jina kwa vijana, kimya. Rangi inaweza kufanya watu wakuangalie. Haiwezi kuwafanya wakukumbuke miaka 30.

Kwa hivyo twende 1993.

Mwaka huo Subaru walileta Safari gari linaloitwa Vivio. Kama hujui Vivio, fikiria Vitz, halafu ipunguze. Injini yake ilikuwa kama 660cc. Vitz ya kawaida unayoona hapa ni 1,000cc. Kuna pikipiki kubwa zenye injini kushinda hiyo. Na walikuwa wanashindana na Toyota Celica zenye injini ya 2,000cc na turbo. Wakati huo Safari haikuwa hii ya siku hizi ya mikondo mifupi inayofungwa na polisi. Ilikuwa maelfu ya kilomita, kwenye barabara ambazo matatu, lori na ng'ombe walikuwa wanazitumia pia. Timu tajiri zilikuwa na helikopta inayoruka mbele kumwambia dereva kama kuna punda kwenye kona. Mvua ikinyesha, ule udongo mweusi unageuka gundi. Mwaka wa 1963 magari 7 tu ndiyo yalifika mwisho. Mwaka wa 1968, tena 7.

Katika hayo magari madogo ya Subaru, mojawapo lilipewa Colin McRae, kijana kutoka Scotland aliyekuwa na kasi ya ajabu. Alikuja kuwa bingwa wa dunia 1995, na Safari akaishinda mara tatu, 1997, 1999 na 2002. Huyo McRae, mwaka wa 1993, aliikimbiza Vivio mpaka watu wakashika mdomo. Gari la 660cc linasumbua makubwa! Lakini gari lake halikufika mwisho.

Iliyofika ni ya Njiru. Aliibembeleza, akaivusha kwenye mawe, matope na vumbi, akaimaliza akiwa wa 12 kati ya wote. Kati ya Vivio zilizoanza, ni yake tu iliyovuka mwisho.

Soma hiyo sentensi tena, halafu fikiria vile tunatumia jina lake.

Tunamwita Njiru yule anayepita trela ya miwa kwenye kona bila kuona mbele. Tunamwita Njiru yule anayebeba abiria watatu na kuinua gurudumu la mbele ndio achukuliwe video. Lakini Njiru mwenyewe, katika safari yake inayokumbukwa zaidi, sifa yake ilikuwa kulifikisha gari. Aliyekuwa na kasi zaidi alibaki njiani. Hii lugha yetu imemgeuza mtu aliyejua kulinda gari akawa jina la watu wanaoliharibu.

Na si yeye peke yake. Ukichunguza majina yanayodumu katika huu mchezo, wengi wana tabia hiyo. Joginder anasifiwa kwa ushindi wake mitatu, lakini wanaojua rally huwa wanataja namba nyingine: alianza Safari mara 22 na akamaliza 19. Kwa barabara zile! Alikuwa fundi kabla ya kuwa dereva. Alijua gari linaumwa wapi kabla halijalia.

Nyinyi wa Formula One mnaomjua Carlos Sainz, huyo mnayemjua ni mtoto. Baba yake, Carlos Sainz wa kwanza, Mhispania, alikuwa bingwa wa dunia wa rally 1990 na 1992, na huo mwaka wa 1992 alikuja hapa kwetu akashinda Safari na Toyota Celica. Mwaka wa 1998 alikuwa anaelekea kuchukua ubingwa wa tatu. Mashindano ya mwisho, Uingereza, mkondo wa mwisho, mita mia chache tu kabla ya mstari. Injini ikakufa. Ubingwa ukaenda kwa Tommi Mäkinen. Mtu mwingine angezama hapo. Huyu mzee aliacha kushindania ubingwa wa dunia wa rally, akahamia Dakar, na akaishinda mara nne, ya mwisho ikiwa 2024 akiwa na miaka 61. Hispania wanampenda mpaka leo, na nadhani ile injini ya 1998 ni sehemu ya upendo huo. Watu waliona alivyopoteza, halafu wakamwona akirudi.

Hata kwa hii Safari yetu mpya. Iliporudi kwenye ubingwa wa dunia 2021, baada ya kukaa nje tangu 2002, Thierry Neuville aliingia Jumapili akiwa anaongoza. Watu Naivasha walishaanza kumpongeza. Asubuhi hiyo gari likavunjika nyuma, na ushindi ukaenda kwa Sébastien Ogier. Kalle Rovanperä, kijana mdogo wakati huo, alikwama kwenye vumbi la Kedong siku ya Ijumaa. Hakushinda. Mwaka uliofuata alirudi na akashinda.

Sasa turudi kwa barabara yetu, kwa sababu hapa ndipo ninapotaka tuongee ukweli.

Miaka ya karibuni Kenya inapoteza zaidi ya watu 4,000 kila mwaka barabarani. Watu wa nduthi na abiria wao ni kati ya makundi yanayokufa zaidi. Hapa kwetu sihitaji takwimu za Nairobi. Kila kijiji kina nyumba ambayo kijana alitoka na nduthi jioni na ikarudi habari. Na siwezi kuwatupia vijana lawama yote. Kuna trela za miwa zinazotembea usiku bila taa hata moja. Kuna mashimo. Kuna mwenye nduthi ama mkopo wa nduthi unaotaka pesa kila siku, uwe umepata abiria ama hujapata, na mtu mwenye deni la leo hawezi kwenda polepole. Hayo yote ni kweli na lazima yasemwe, na wenye trela wakamatwe.

Lakini kuna kitu kimoja ambacho ni chetu sisi vijana, hakuna serikali iliyotulazimisha. Ni hii tabia ya kushangilia. Msee akipita kwa kasi ya kijinga, sisi ndio tunapiga mbinja. Sisi ndio tunaita, "Njiruuu!" Sisi ndio tunatoa simu.

Kuna vitu viwili kuhusu rally ambavyo wengi hawavijui, na vilinishangaza nilipovijua.

Cha kwanza: mkondo wa mashindano ukiisha, dereva anarudi kwenye barabara ya kawaida kwenda mkondo mwingine. Hapo ni gari lenye namba ya usajili kama la mtu mwingine yeyote. Anafuata sheria. Akizidisha kasi anatozwa faini, hata awe bingwa wa dunia. Kwa hivyo watu wenye kasi kubwa zaidi duniani, wakiwa kati ya magari yenu, wanaendesha kama mwalimu wa Sunday school.

Cha pili ni hiki, na ukikisikia utafikiri nadanganya. Kuna vituo vya kuripoti na kila gari lina dakika yake. Ukichelewa dakika moja, unaongezewa sekunde 10. Ukifika mapema kwa dakika moja, unaongezewa dakika nzima. Umesoma vizuri. Kuwahi kunaadhibiwa kuliko kuchelewa. Katika mbio za magari!

Na akiwa ndani ya mkondo ambapo kasi inaruhusiwa, barabara imefungwa, hakuna mama mwenye mtoto mgongoni anayevuka. Dereva ana helmeti, ana mikanda, gari lina vyuma vya kumlinda ndani, ana mwelekezi anayemsomea kila kona, na daktari anangoja karibu. Sisi helmeti tunaivaa kwenye kiwiko, tunaipeleka kichwani tukiona polisi. Halafu tunajiita Njiru. Njiru gani?

Mimi hutumiwa video nyingi. Kila wiki mtu ananitumia kijana akiwa amesimama juu ya kiti cha nduthi, mikono hewani, na maneno, "Post hii bro, itaenda mbali." Najua itaenda mbali. Najua kazi hii. Video ya sekunde 15 ya mtu kuponea kifo inapata macho kuliko wiki nzima ya kazi yangu. Na sizipost, na wenzangu wanaofanya kazi hii Kakamega, Mumias, Bungoma nawaomba hadharani: tusizipost. Kwa sababu yule kijana kesho atataka kuzidi ya leo, na wa kumzidi yuko Koyonzo anaitazama sasa hivi. Sisi tunachukua watazamaji, mama yake anachukua maiti.

Najua komenti inakuja. "Wewe mwenyewe uliacha chuo, utatufunza nini kuhusu kumaliza?" Swali halali, na najibu bila hasira. Nilitoka chuo kwa sababu karo ilikatika. Katika rally wangesema gari limeishiwa mafuta. Hakuna aibu hapo. Na sheria za siku hizi zinakuruhusu: gari likikwama leo, mafundi wanalala nalo, na kesho asubuhi unaruhusiwa kuanza tena. Unabeba adhabu ya muda, lakini unaanza. Ndivyo Rovanperä alivyofanya 2021, na akamaliza wa 6. Kwa hivyo kama wewe pia umekwama, shule, kazi, biashara ya kuku iliyoisha na ugonjwa, usijione umetoka mashindanoni. Umekwama. Asubuhi iko.

Tofauti ni kwamba nduthi ikigonga trela ya miwa saa mbili usiku, hakuna mafundi wa kulala nawe. Hakuna Jumamosi asubuhi. Ndiyo maana siwezi kuweka hizi mbili kwenye kikapu kimoja. Mambo mengi maishani yanakuruhusu kuanza tena. Barabara haikuruhusu, kwa hivyo ni hapo ndipo unafaa kuwa mwoga.

Wengine wataniambia nimekuwa mzee kabla ya wakati, kwamba kijana bila kasi si kijana. Sipingi kasi! Napenda hii Safari kuliko unavyofikiri. Nataka siku moja nione gari Naivasha limeandikwa jina la kijana kutoka Matungu. Tumeshaona inawezekana kijana wa Kenya kufika mbali: McRae Kimathi, aliyepewa jina la huyo huyo Colin McRae, alienda Sweden 2022 akaendesha kwenye theluji. Ni kweli baba yake ni mtu mkubwa katika mchezo huu hapa Kenya, na wengi wetu hatuna baba wa aina hiyo. Hilo nalo tuliseme: kila mwaka tunaambiwa Safari ni ya Wakenya wote, lakini mlango wa kuingilia unapitia mfukoni. Kama serikali inaweza kugharamia vumbi la Naivasha kwa siku nne, inaweza pia kuleta huku magharibi uwanja mmoja wa vumbi, gari kuukuu kadhaa, na fundi wa kufundisha. Vipaji viko. Nimeona vijana hapa wanaotengeneza injini ya nduthi wakiwa wamefumba macho. Joginder alianzia hapo hapo, kwenye grisi.

Lakini hadi huo uwanja uje, barabara ya mama mboga si uwanja.

Ndio maana nasema turudishe jina kwa maana yake. Kuanzia leo, mtu akipita kwa fujo, usimwite Njiru. Tafuta jina lingine, yako mengi, mengine siwezi kuyaandika hapa. Jina la Njiru liwekee yule jamaa wa stejini ambaye amebeba watu miaka kumi na hajawahi kumwangusha mtu, ambaye mama yako akienda kliniki usiku anamwita kwa simu yeye na si mwingine. Kila steji iko na mmoja. Anaenda pole, nduthi yake ni kuukuu, hakuna anayempiga video. Lakini wote wanajua namba yake.

Na fanya hivi leo jioni: muulize mzazi wako ama guka yako anakumbuka nini kuhusu Patrick Njiru. Usimsaidie jibu. Ukishapata, niandikie kwa komenti alichosema, na usisahau kuweka alikosikiliza, redioni ama kando ya barabara. Nitazisoma zote.